Kompyuta Ilivyobadili Masomo ya Uhandisi Kemikali

Uhandisi kemikali, yaani taaluma ya kubuni na kuendesha mitambo inayogeuza malighafi kuwa bidhaa, ulianza kufundishwa kama somo linalojitegemea mwishoni mwa karne ya 19, pale George E. Davis alipotoa mihadhara yake mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1887, na Lewis M. Norton alipoanzisha kozi yake katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka uliofuata. Kwa miongo mingi baadaye mwanafunzi alifunzwa zaidi hatua za msingi za uzalishaji, kama vile kukeneka, kuchuja na kukausha, na hesabu zake zilichukulia kwamba mtambo umekwisha kutulia, joto halipandi wala halishuki, na kila kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Viwandani hali haikuwa hivyo, kwa kuwa malighafi hubadilika ubora, vichocheo hupungua nguvu, na joto la mtambo huyumba saa kwa saa. Kazi ya kuurudisha mtambo katika kiwango kilichokusudiwa, ambayo ndiyo huitwa udhibiti wa mchakato, iliachiwa mafundi na vidhibiti vilivyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Nadharia yake ilitoka baharini: mwaka 1922 Nicolas Minorsky, aliyechunguza uongozaji wa meli, alionyesha kwamba usukani mzuri huzingatia kosa lililopo, makosa yaliyolimbikizana, na kasi ya kosa kubadilika. Mwaka 1942 J. G. Ziegler na N. B. Nichols walitoa kanuni za kupanga vipimo hivyo vitatu katika kidhibiti, na kanuni hizo zinafundishwa hadi leo.

Kompyuta iliingia katika uwanja huu ikiwa dhaifu mno, kwani mashine za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilihitaji takribani milisekunde 20 kuzidisha namba mbili, na nyingine zilidumu saa 50 hadi 100 tu kabla ya kuharibika. Hata hivyo, Machi 1959 kompyuta ya RW-300 ilianza kazi katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco, Port Arthur, Texas, ikifuatilia mikondo 26, vipimo vya joto 72, vya kanieneo 3 na vya mchanganyiko wa kemikali 3, ili kukokotoa mgawanyo bora wa malighafi. Mwaka 1962 kampuni ya ICI ilipiga hatua kubwa zaidi nchini Uingereza: iliondoa vidhibiti vya zamani na kuikabidhi kompyuta moja ya Ferranti Argus kazi ya kupima mambo 224 na kuongoza vali 129 moja kwa moja.

Hapo vyuo havikuweza tena kuridhika na mtambo uliotulia, kwa sababu kompyuta haiwezi kuongoza kitu ambacho mhandisi hajakieleza kwa milinganyo, na milinganyo iliyohitajika ni ile inayoonyesha jinsi joto, mkondo na mchanganyiko vinavyobadilika kadiri muda unavyopita. Kitabu cha Donald Coughanowr na Lowell Koppel cha mwaka 1965 kiliyaweka maarifa hayo katika mpangilio wa darasani. Mwaka 1975 Honeywell na Yokogawa zilileta mifumo iliyogawa udhibiti kati ya kompyuta ndogo nyingi, hivyo hitilafu ya moja haikulazimika kuangusha kiwanda kizima. Kisha mwaka 1979 Charles Cutler na Brian Ramaker wa Shell walieleza mbinu inayotumia kielelezo cha kihisabati kutabiri mwenendo wa mtambo, na kuchagua marekebisho kabla kosa halijakua.

Historia hii inaonyesha kwamba kila kazi iliyohamia kwenye kompyuta ilimwongezea mwanafunzi jambo la kuelewa, kwa kuwa utabiri wa mashine hauzidi usahihi wa kielelezo ilichopewa. Chuo kinachomfundisha kijana kutumia programu kabla ya kumfundisha tabia ya mtambo kinamnyima uwezo wa kutambua pale hesabu iliyo kwenye skrini inapopingana na kinachotendeka ndani ya bomba, na katika viwanda vya kemikali, uwezo huo ndio unaolinda uhai wa wafanyakazi na wa majirani zao.