Karatasi na Wino Vyatoka Shambani

Katika kutimiza miaka kumi ya Umoja wetu, tumeona yafaa kueleza asili ya kitabu hiki alichonacho mwanachama mkononi, maana gharama yake imetoka katika mfuko wetu sote.

Karatasi ni mti. Sisi wa Oloipiri twaujua msitu kwa maji, kivuli na malisho ya kiangazi. Huko Mufindi, mti ni zao. Misindano ya Sao Hill ilianza kupandwa kwa majaribio mwaka 1939, na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi kikafunguliwa Mgololo ili kuitumia. Kiwanda kilisimama katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 kikauzwa kwa wawekezaji binafsi. Penye mti uliopandwa, ukavunwa na kupandwa tena, msitu wa asili hupumzika. Kwa hiyo mpiga chapa na aulizwe kwanza karatasi yake imetoka wapi, ndipo aulizwe bei.

Wino nao una habari yake. Hapo kale wapiga chapa walichemsha mafuta ya kitani wakayachanganya na masizi. Baadaye yakaingia mafuta ya petroli. Bei yake ilipopanda katika miaka ya 1970, wenye magazeti wa Marekani walianza kutafuta njia nyingine, hata mwaka 1987 gazeti la The Gazette la Cedar Rapids, Iowa, likachapwa kwa wino wa mafuta ya soya. Mkulima wa Karatu akamuaye alizeti hatashangaa! Wino huo, zaidi ya hayo, huondoka kwa wepesi karatasi kuukuu inapopondwa ili itengenezwe upya.

Lakini hasara kubwa, kwa maoni yetu, hutokea mezani kwa msanifu kabla mashine haijazunguka. Karatasi moja kubwa, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu, hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 17 hudai karatasi nyingine, na sehemu kubwa yake huishia kwenye takataka. Picha moja ya ziada iletwayo saa ya mwisho yaweza kufanya hivyo.

Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Mfugaji hakuhitaji kuelezwa sababu: ng'ombe ameza mfuko, tumbo laziba. Basi lebo za asali na mifuko ya unga itakapoletwa mbele ya mkutano mkuu, tutaomba ichapwe kwa rangi moja, juu ya karatasi isiyopakwa utando wa plastiki.