Usipoziba Ufa: Mamlaka ya Mji Mkongwe na Majumba ya Zanzibar

Kila mwaka wanafunzi wetu hapa Uganda hujifunza methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Huieleza vizuri katika mtihani, lakini wengi wao hawajapata kuona mahali ambapo methali hiyo ni kweli tupu, bila mafumbo. Katika makala haya tunapenda kuwapeleka wasomaji wetu Mji Mkongwe wa Unguja, ambako serikali iliunda chombo maalumu cha kusimamia nyufa hizo.

Majumba mengi ya Mji Mkongwe yalijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Sakafu za ghorofani hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Nyumba ya namna hii hudumu sana iwapo paa halivuji na kuta zinapata kukauka.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wenye nyumba wengi waliondoka na nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali. Nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja ikagawiwa familia kadhaa. Kodi ilikuwa ndogo, haikutosha matengenezo, wala hapakuwa na mpangaji aliyeliona paa kuwa ni lake. Kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka. Ndipo mwaka 1985 ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ilipata sheria yake pamoja na mpango mkuu wa uhifadhi, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, Mamlaka hufanya kazi gani hasa? Kwanza, hutoa vibali. Anayetaka kujenga, kubomoa au kukarabati sharti aombe ruhusa. Pili, hukagua, na inaweza kusimamisha kazi inayokwenda kinyume. Tatu, na pengine hili ndilo kubwa zaidi, hushauri. Nyumba nyingi si mali yake. Nyingine ni za serikali, nyingine za wakfu, nyingine za watu binafsi. Kwa hiyo hailindi mji kwa amri peke yake, bali pia kwa kuwashawishi wenye nyumba.

Ushauri huo mara nyingi huhusu saruji. Mwenye nyumba akiona lipu inabanduka, hukimbilia saruji kwa kuwa ni ngumu na hukauka upesi. Kumbe ukuta wa matumbawe hupitisha unyevu. Ukiufunika kwa saruji, maji hubaki ndani, ncha za boriti huoza, na sakafu huanza kulegea. Chokaa huchukua muda mrefu kuandaliwa, lakini huuacha ukuta upumue. Tatizo ni kwamba chokaa huhitaji fundi anayeijua. Ndiyo maana ukarabati wa Zahanati Kongwe, uliofanywa na Shirika la Aga Khan katika miaka ya 1990, ulikuwa pia darasa la mafundi.

Hata hivyo, kuwepo kwa sheria hakukutosha. Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Halikunusurika uchakavu. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukarabati ulikuwa umekuja, lakini ulikuja umechelewa.

Sisi wa Uganda hatuna haki ya kuwacheka majirani. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jumba kuu la makaburi ya Makabaka huko Kasubi, na ni mwaka 2023 tu ndipo UNESCO ilipoliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Jumba hilo liliweza kusimama tena kwa sababu wapo watu wa ukoo wa Ngeye ambao bado wanajua kuliezeka kwa nyasi. Kasubi ni nyasi na Unguja ni chokaa, lakini jambo ni lile lile: chombo cha umma kinaweza kutoa kibali na fedha, ila kisipowatunza mafundi, hakitakuwa na wa kumpa kazi hiyo.

Basi tunapoifundisha methali ile, tuwaulize wanafunzi wetu swali moja zaidi: huo ufa utazibwa kwa nini, na ni nani anayejua kuuziba?