Bora kwa Lipi? Historia Fupi ya Kuwaorodhesha Walio Juu



Kivumishi "bora" hakichukui kiambishi cha upatanisho, wala hakitaji kipimo chake. Tusemapo "shule kumi bora", kundi limetajwa na idadi imetajwa, ila hatujaambiwa ni bora kwa lipi. Mhadhara huu unadai kwamba historia ya kuwaorodhesha walio juu ni historia ya kipimo hicho kisichotajwa.

Tuanzie Usukumani, kusini mwa Ziwa Victoria. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvinasibisha na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na uliovuta watazamaji wengi zaidi ndio mshindi. Kipimo ni umati, na kila aliyefika uwanjani anakijua kabla ngoma haijalia. Kingekuwa ufundi wa mpigaji, huenda mshindi angekuwa mwingine.

Kompyuta nayo haikulikwepa suala hili. Mwaka 1970 Edgar F. Codd alipopendekeza hifadhidata ya majedwali, safu za jedwali zilihesabiwa kuwa seti: hakuna ya kwanza wala ya mwisho. Mpangilio huletwa na mwulizaji. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walichapisha lugha ya kuuliza iliyozaa SQL. Atakaye safu kumi za juu huamuru zipangwe kutoka kubwa hadi ndogo, kisha zikatwe baada ya ya kumi. Asipoamuru mpangilio, atapewa kumi zozote. Na waliofungana je? Kiwango cha SQL cha mwaka 2003 kinatoa njia tatu: wawili wakiwa nafasi ya pili, anayefuata awe wa nne, au awe wa tatu, au wawili hao wapewe nambari tofauti, ingawa alama zao ni sawa.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilitangaza kumi bora kwa miaka mingi. Katika mtihani wa kidato cha nne lilizitenga shule zenye watahiniwa 40 au zaidi na zile zenye pungufu ya hao. Utengaji huo ulikuwa tayari sehemu ya jibu. Hata hivyo, shule ya kata ya Ukerewe na shule ya bweni inayochagua wanafunzi wake zilibaki katika mizani moja. Januari 2023 baraza liliacha kuitangaza orodha hiyo, likieleza kwamba mazingira ya shule hayafanani.

Basi mwanafunzi wa lugha akikabidhiwa orodha ya maneno mia yanayotumika zaidi katika Kiswahili, naye aulize kabla ya kuinukuu: yamehesabiwa katika matini zipi? Na "alisoma" na "anasoma" yamehesabiwa kuwa neno moja, au mawili?