Warne, Muralitharan na Aasif Karim wetu

Wiki iliyopita nilikuwa Kibugu, kule Embu kwenye mashamba ya majani chai. Kijana mmoja dukani, simu mkononi, aliona kofia yangu akaniuliza: "Ustadh, wewe mtu wa Mombasa, kati ya Warne na Muralitharan nani mkali wa kuzungusha mpira?" Nikamtajia jina asilolijua: Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa. Kinachoniuma ni kuwa hata huku kwetu vijana wengi niliowauliza hawamjui.

Tuanze na hesabu. Katika mechi za Test, zile za siku 5, Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka alichukua wiketi 800, na Shane Warne wa Australia 708. Jim Laker wa Uingereza yuko nyuma yao sana, lakini mwaka 1956 mjini Manchester aliwatoa Waaustralia 19 kati ya 20 katika mechi moja. Ila zama zake uwanja uliweza kulowa mvua mechi ikiendelea, na udongo ukiloa kisha ukapigwa na jua, mpira hugeuka vibaya. Hao wawili hawakuipata neema hiyo.

Wakenya hawamo humo kwa kuwa Kenya haikuwahi kupewa hadhi ya Test. Tupimwe kwa Kombe la Dunia basi. Februari 24, 2003, Nairobi, Collins Obuya alichukua wiketi 5 kwa mikimbio 24, Sri Lanka ikalala, na Muralitharan mwenyewe akiwa upande ule. Obuya alizungusha kwa kifundo cha mkono, kama Warne.

Karim alitumia mkono wa kushoto, na silaha yake ilikuwa shabaha zaidi ya mzunguko. Alikuwa ameshastaafu, akarudishwa akiwa na miaka 39. Machi 15, Durban, dhidi ya Australia waliokuwa mabingwa: mipira 50, mikimbio 7, wiketi 3, Ricky Ponting akiwemo. Ova 6 hazikutoa hata mkimbio mmoja. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye.

Kwa umri mzima wa uchezaji namchagua Warne, maana mzunguko wa kifundo ni mgumu kuutawala. Kwa siku moja, nipeni Karim.

Kijana akaanza kuitafuta video ya Durban. Mtandao ukasita, tukaagiza chai ya pili.