Makumbi: Kutoka Kamba za Bibi Zetu Hadi Bustani za Uani



Tunapotimiza miaka kumi ya kuweka na kukopa, tumeona vyema kitabu hiki kieleze pia habari za kitu ambacho kila mmoja wetu amekikanyaga, nacho ni vumbi la makumbi. Historia yake ni historia ya kazi ya wanawake wa pwani.

Nazi ikifuliwa, kumbi halikutupwa. Bibi zetu wa mashariki ya Unguja, kama Chwaka, Paje na Jambiani, waliyafukia makumbi ufukweni, mahali maji yanapokupwa na kujaa. Baada ya miezi mingi waliyafukua, wakayapiga wakapata usumba, wakasokota kamba. Kamba hizo zilishona mitepe, zikasuka vitanda na kufunga nyumba. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza namna kamba za makumbi kutoka Maldivi zilivyoshona majahazi ya India na Yemeni. Na pesa ya kamba, jamani, ilikuwa ya mama mwenyewe.

Baadaye ikaja nailoni, bei ya kamba ikaanguka. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, wengi wakahamia huko. Mashimo ya makumbi yakapungua.

Na lile vumbi linalodondoka tunapopiga makumbi? Tuliliacha chunguchungu. Kumbe Uingereza wakulima wa bustani walilitumia tangu miaka ya 1860, kisha wakalisahau. Miaka ya 1980 ikielekea mwisho, watu wa huko walipolalamikia uchimbaji wa mboji katika vinamasi, walilirudia. Sri Lanka na India, zilizokuwa na vilima vya taka hiyo, zikaanza kulishindilia kama matofali na kuliuza ng'ambo. Taka ikawa bidhaa.

Sisi linatufaa kuliko wao. Ardhi yetu ya mashariki ni mawe, udongo haba. Vumbi hili hushika maji mara kadhaa ya uzito wake, na bado mizizi inapata hewa. Ukilijaza kwenye kopo au gunia, unapata shamba mlangoni.

Lakini lina mambo mawili. Kwanza, chumvi. Makumbi yetu yamelala baharini, kwa hiyo vumbi lazima lioshwe kwa maji baridi mara kadhaa, la sivyo miche inaungua. Pili, halina chakula cha kutosha, basi lichanganywe na samadi iliyooza. Kabla ya kupanda yote, otesha mbegu chache za mchicha. Zikinyauka, osha tena.

Hapo ndipo penye mzigo: maji baridi tunayabeba kichwani. Njia rahisi ni kulitandaza wakati wa masika, mvua ilioshe bure. Kiangazi hatuwezi bila tanki.

Basi tunaomba jambo hili liingie katika mkutano wa kugawana faida: tutenge fungu la tanki la maji ya mvua au tusitenge? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vumbi la makumbi lilikuwa mali yetu isiyoandikwa. Leo limeandikwa, na uamuzi ni wetu sote.