Midomo ya Ziwa Nakuru

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Nderit huingiza maji, jua la Bonde la Ufa huyakausha, magadi hubaki. Kina chake ni kifupi, nalo liko zaidi ya mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kabla watu hawajaliingilia, maji hayo makali hayakuwa na samaki. Korongo au mnandi angekufa njaa mahali hapo. Aliyeneemeka ni ndege mwenye mdomo wa kuchuja.

Ndege huyo ni heroe, ambaye wengi humwita flamingo. Nakuru ina aina mbili, na zote hula vichwa vikiwa vimepinduliwa, utosi ukielekea chini. Kwa mkao huo taya la juu ndilo linalokuwa upande wa chini, na hapo ndipo umbo lake linapoeleweka. Mdomo umepinda katikati kwa pembe kali. Taya la chini ni nene na kubwa, la juu ni jembamba na hufunika mithili ya kifuniko cha kasha. Tena taya hilo la juu huchezacheza. Ulimi mnene hurudi nyuma na kwenda mbele kwa kasi, ukivuta maji ndani na kuyasukuma nje, huku safu za vichujio zilizo kingoni mwa mdomo zikizuia chakula.

Tofauti ya aina hizo mbili imo katika vichujio. Vya heroe mkubwa vimeachana, kwa hiyo hunasa mabuu ya usubi na wadudu wengine wa tope la chini. Vya heroe mdogo vimesongamana kiasi cha kuzuia spirulina, mwani usioonekana vizuri bila hadubini, anaouvuna karibu na uso wa maji. Ndiyo maana maelfu ya aina zote mbili yaliweza kusimama katika ziwa moja bila kunyang'anyana chakula. Maelezo ya kina ya utaratibu huu yalitolewa na Penelope Jenkin, mwanazoolojia Mwingereza aliyefanya utafiti katika maziwa ya Bonde la Ufa mwaka 1929. Makala yake kuhusu ulaji wa heroe ilichapishwa mwaka 1957, takriban miongo mitatu baadaye, na bado ndiyo msingi wa maelezo mengi yanayotolewa leo.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 binadamu alibadilisha karamu. Samaki wadogo wa jamii ya ngege, waliozoea chumvi ya Ziwa Magadi, walipandikizwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Hawakuletwa kwa ajili ya ndege hata kidogo, lakini ndege ndio walioyaona matokeo kwanza. Samaki hao walizaana kwa wingi, na midomo ambayo awali haikuwa na kazi pale ikapata kazi. Mnandi alifika na ncha yake iliyopinda, inayozuia samaki asiteleze. Yangeyange na jamaa zake wakafika na midomo iliyonyooka ya kudonoa kwa ghafla. Korongo mwenye mdomo wa manjano huuacha wazi ndani ya maji ya tope na kuufunga mara tu samaki anapougusa, kwa hiyo hahitaji kuona anachokamata.

Aliyebadilisha mambo kuliko wote ni mwari mweupe. Mifupa ya taya lake la chini hutanuka, na ngozi inayoning'inia kati yake huwa wavu wa kuzolea. Mwari huvua kwa pamoja: hujipanga nusu duara, huwasukuma samaki na kuchovya vichwa kwa wakati mmoja, kisha kila mmoja huyamwaga maji kabla ya kumeza. Mwaka 1968 walianza kuzaliana katika visiwa vya miamba vya Ziwa Elmenteita lililo jirani, wakiruka hadi Nakuru kuwatafutia makinda chakula. Visiwa hivyo vilikuwa mahali pa kutagia pa heroe mkubwa, naye akasukumwa nje. Hivyo samaki waliotiwa katika ziwa moja wakamfukuza ndege katika ziwa jingine, ingawa midomo ya mahasimu hao haikuwahi kugombea tonge moja.

Mwaka huohuo wa 1968 Nakuru ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa, na umaarufu wake ulitokana hasa na heroe mdogo. Katika miaka ya 1970 mtafiti Ekkehard Vareschi alikadiria kwamba ndege mmoja hula karibu gramu 70 za mwani, ukipimwa mkavu, kwa siku. Kwa kundi la milioni moja hiyo ni tani 70 kila siku. Mdomo uliobobea hivyo una gharama yake. Spirulina ilipopungua ghafla mwaka 1974, heroe wadogo waliondoka kwa wingi, maana vichujio vyao havikuwapa njia nyingine ya kushiba. Hali kama hiyo imejirudia tangu kiwango cha maji kilipoanza kupanda katika miaka ya 2010 na kuyazimua magadi: mwani ulipungua, na makundi makubwa yakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria.

Bogoria haina samaki, lakini furukombe, tai anayejulikana kwa kuvua, anaishi huko mwaka mzima. Mdomo wake wa ndoana umeumbwa kwa kurarua nyama, iwe ya samaki au ya ndege, na katika ziwa hilo windo lake kuu ni heroe mdogo.