Mbegu Isiyokaa Ghalani

Yusufu alipokusanya nafaka ya Misri kwa miaka saba, aliweka ghalani kitu kikavu kiwezacho kungoja. Sisi tukaao upande huu wa Mwadui, katika nchi ya Wasukuma, tunayo mbegu isiyoweza kungoja. Mtama hulala katika kihenge hata mvua irudi. Lakini kiazi kitamu hupandwa kwa marando, nayo marando ni kitu hai, yakikauka yamekufa. Mvua zetu kwa kawaida hukoma mwezi wa Mei, hazirudi hata Novemba. Basi tumeona vema kuandika jinsi watu walivyoivusha mbegu hii katika miezi hiyo ya jua, maana ni kazi ambayo kwa sehemu kubwa imefanywa na akina mama, wala haikuandikwa sana.

Kiazi chenyewe ni mgeni. Asili yake ni Amerika, na yaaminiwa ya kuwa Wareno ndio waliokileta Afrika baada ya safari zao za karne ya 16. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, ambako baridi huua marando yote, wakulima walifukia viazi vya mbegu katika marundo ya majani makavu na udongo mpaka joto lirudi. Huko Ulaya nako, mtu asiye na nyumba ya vioo hung'oa mizizi ya maua ya dalia kabla ya baridi kali, akaiweka katika sanduku la mchanga mkavu. Adui yao ni baridi, wetu ni jua. Shida ni moja.

Kwetu Wasukuma walijua kuhifadhi chakula chenyewe. Kiazi kilichokatwa vipande na kuanikwa kikawa michembe; kilichochemshwa kwanza, kisha kikaanikwa, kikawa matobolwa. Chakula kilikaa, mbegu haikukaa, kwa kuwa michembe haioti. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alitafuta mahali penye unyevu: kando ya kisima, chini ya migomba, au pale maji ya kuogea yamwagikapo. Hapo alichomeka marando machache, akayalinda. Wengine waliacha viazi vidogo ardhini, vichipue vyenyewe mvua ikinyesha. Njia hii haina taabu, lakini ina hasara mbili. Fukusi hukaa ndani ya viazi hivyo, na marando hayafai kukatwa mpaka mvua imekwisha kunyesha majuma mengi. Apandaye kwa kuchelewa huvuna kidogo, naye ndiye aliyekuwa na njaa zaidi.

Serikali ya Waingereza ilihimiza viazi na mihogo kuwa kinga ya njaa. Shauri lilikuwa jema, lakini twaona ya kuwa kinga hiyo yenyewe yahitaji kukingwa. Mwaka 1949 mvua ilikosekana katika sehemu kubwa ya Tanganyika. Na mwaka kama huo hula mavuno mawili, haya ya sasa na yale ambayo mbegu yake imekauka. Isitoshe, vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, na kivuli kikapungua. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa HASHI ulirudisha miti kwa kufufua ngitili, desturi ya kale ya kufunga malisho ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Wazo ni lile lile, ila la mifugo lilipata sifa mapema kuliko la marando.

Mwaka 2009 ulianza mradi wa Marando Bora katika Kanda ya Ziwa, ambao uliwatumia wakulima wenye maji karibu wazalishe marando kwa ajili ya majirani. Tena mwaka 2013 watafiti waliandika juu ya njia ya mchanga, ambayo mwenye dalia angeitambua mara moja. Wakati wa kuvuna, huchaguliwa viazi vya kadiri, visivyo na tundu la fukusi. Hupangwa katika beseni au shimo lenye mchanga mkavu uliopoa, visigusane. Kila mwezi hukaguliwa, kilichooza kitolewe. Majuma sita au manane kabla ya mvua, yaani mwezi wa Septemba, vilivyochipua hupandwa katika kitalu kidogo na kumwagiliwa, na kiazi kimoja hutoa marando mengi. Kitalu hicho sharti kizungushiwe miiba iliyoshonana, maana mwezi huo mbuzi hana jani bichi jingine la kutazamia.